Subana: jinsi ya kuichagua, kuizoea na kuitumia unapodarizi au kushona kwa mkono

Subana, au kastabini kama wengine wanavyoiita, ile kofia ndogo ya kidole ya kusukumia sindano, ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa kwenye kikapu cha mshonaji, na ndiyo inayotupwa pembeni upesi kuliko vyote. Mtu huinunua pamoja na nyuzi na vifungo, huivaa, hupiga mishono michache, huona inamtatiza, kisha huivua. Tangu hapo husukuma sindano kwa kidole kitupu mpaka ngozi iote sugu. Ukimuuliza, atakwambia subana si za kila mtu. Mimi naamini subana ni za kila mtu anayeshona, ila wengi huuziwa isiyolingana na kidole chao, au iliyotengenezewa kazi nyingine kabisa, na hakuna anayewaonyesha kuwa subana haisukumi kwa kichwa chake peke yake, bali kwa ubavu pia.

Mifano mingi hapa nitaitoa kwenye kofia za mkono, zile za viua, yaani vitundu vya urembo, zinazodariziwa Lamu, Zanzibar na Ngazija, ambazo kumma ya Oman ni ndugu yao. Nimezichagua kwa sababu zinaijaribu subana kwelikweli: kitambaa cheupe cha pamba cha tabaka mbili, vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na kazi inayoweza kuchukua wiki kadhaa au hata miezi kabla kofia haijavaliwa. Lakini anayedarizi foronya, vitambaa vya makochi au shingo ya kanzu ataona mengi yanamhusu pia.

Kabla ya kwenda dukani, kiulize kidole

Kosa la kwanza hufanyika dukani, pale mtu anapochagua subana kwa macho. Ufanyeje? Chukua kitambaa chakavu, ikiwezekana cha aina ileile unayoshonea, na sindano unayoitumia siku zote. Paka wino wa kalamu kwenye upande wa tundu la sindano, ule butu, kisha shona kama ulivyozoea bila kujirekebisha. Ongeza wino unapokauka. Baada ya mstari mmoja au miwili, tazama mkono wako. Wino utakuwa umekuonyesha mahali sindano inapokugusa, na mara nyingi si pale ulipodhani.

Kwa watu wengi doa litakuwa kwenye kidole cha kati cha mkono unaoshonea. Angalia sasa liko sehemu gani ya kidole hicho. Likiwa kwenye ncha kabisa, wewe ni wa subana iliyofunikwa juu. Likiwa ubavuni, karibu na ukucha, subana iliyo wazi juu itakufaa, na pengine hata iliyofunikwa. Likiwa kati ya pingili ya kwanza na ya pili, unahitaji subana ya pete. Na wapo wanaosukuma kwa kidole cha shahada au kwa gumba. Hao wasilazimishwe kubadili mkono waliouzoea kwa miaka. Subana ya ngozi laini itawasaidia kuliko ya chuma.

Anayeshona kwa mkono wa kushoto afanye vivyo hivyo upande wake. Subana nyingi hazina kulia wala kushoto.

Aina zilizopo, na ipi ya kazi ipi

Inayojulikana zaidi ni ile ya chuma iliyofunikwa juu, yenye vishimo vidogo kuzunguka mwili wake na kichwani. Hii ndiyo utakayoikuta kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji, iwe Kariakoo au mitaa ya vitambaa ya Mombasa na Nairobi, ikiwa imechanganywa na zipu na bizimu kwenye boksi moja. Inafaa kazi nyingi. Ubaya wake ni joto: kidole hutoa jasho humo ndani, na mwenye kucha ndefu hataiweza.

Iliyo wazi juu ni ya jadi ya mafundi wa makoti na suti. Kidole hupumua, ukucha hupita, na kwa kuwa haina kichwa cha kusukumia, inakulazimisha utumie ubavu wa kidole, ambao ndio wenye nguvu. Kwa hali ya hewa ya pwani, mimi ningempa mwanafunzi hii kabla ya ile nyingine. Wengi hawaijui, na wakiiona hudhani imekatika.

Pete huvaliwa chini zaidi. Wajapani wana ya kwao, yubinuki, inayokaa kati ya pingili ya kwanza na ya pili ya kidole cha kati. Wanaitumia na sindano fupi: kitako cha sindano hutulia kwenye pete, gumba na kidole cha shahada huiongoza ncha, na kitambaa ndicho kinachochezwa juu na chini kuifuata sindano. Kwa mshono wao wa sashiko, unaotaka sindano ndefu, wana pete nyingine yenye kisahani kinachokaa chini ya kidole upande wa kiganja. Nimezitaja ili uone kwamba urefu wa sindano na mahali subana inapokaa vinategemeana. Ukivaa pete halafu ukatumia sindano ndefu ya kawaida, vidole vitajikunja vibaya, nawe utailaumu pete bure.

Ngozi ndiyo ya walioshindwa na chuma. Inasikia: unapoisukuma sindano unajua imefika wapi. Lakini sindano nyembamba huitoboa baada ya muda, na jasho huifanya ngumu. Za plastiki ni nyepesi na rahisi, ila sindano huzichimba upesi. Za silikoni nimeziona zikisifiwa sana. Kwangu zinafaa zaidi kuivuta sindano kuliko kuisukuma, kwa sababu zinanata.

Mafundi wa matanga hawatumii hizi hata moja. Wao wana mkanda wa ngozi unaozunguka kiganja, na chini ya gumba umewekewa kipande cha chuma chenye vishimo, ili sindano nene ya tanga isukumwe kwa mkono mzima. Ukiwa na kazi ya turubai au mikoba ya ngozi, tafuta kitu cha namna hiyo. Usitese kidole kimoja.

Na fedha je? Subana za fedha ni nzuri kutazama na ni zawadi ya heshima, ila fedha ni laini na sindano huipenya. Ndiyo maana mwaka 1884 Charles Horner wa Halifax, Uingereza, alisajili subana aliyoiita Dorcas, yenye chuma cha pua katikati na fedha ndani na nje. Ukirithi ya bibi, iinue uielekeze kwenye mwanga kabla hujaitumia: ukiona hata kitundu kimoja kinapitisha mwanga, iweke kwa kumbukumbu tu. Sindano ikipita hapo inaingia chini ya ukucha.

Kupima

Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uuzungushe kwenye kidole mahali mdomo wa subana utakapokaa, yaani karibu na pingili ya kwanza kutoka ukuchani. Weka alama karatasi inapokutana, unyooshe, upime kwa milimita, kisha ugawe kwa 3.14. Mzingo wa milimita 47 unakupa subana ya milimita 15 hivi. 50 ni karibu 16. 54 ni karibu 17. Viwanda vingine hupiga namba hizi za milimita kwenye subana yenyewe, vingine vina namba zao ambazo hazilingani na za jirani zao. Kwa hiyo namba ikupe pa kuanzia tu.

Pima mchana au jioni, mkono ukiwa na joto. Kidole cha asubuhi baada ya kuoga maji baridi si kidole cha saa nane mchana Mombasa. Anayeshona nyakati zote mbili anaweza kuwa na subana mbili zinazopishana milimita moja, na hizo hazitamfilisi.

Ukishaivaa, ijaribu hivi: shusha mkono, vidole vikitazama chini, uutikise kidogo. Isianguke. Kisha ivute kwa mkono wa pili. Itoke bila kung'ang'ana na isiache alama nyekundu. Kwa iliyofunikwa, ncha ya kidole iguse kichwa chake kwa ndani, maana ikibaki nafasi, kila ukisukuma itacheza. Kidole si mviringo kamili. Ni bapa kidogo. Kwa hiyo subana ya shaba inayokaribia kukutosha unaweza kuiminya taratibu kwa vidole, au kwa koleo lililofungwa kitambaa, mpaka iwe bapa kidogo nayo. Ya chuma kigumu usijaribu.

Ukiwa dukani

Tazama vishimo kwanza. Hapa ndipo subana nyingi za bei rahisi zinapokosea: vishimo vimechorwa tu kama pambo, havina kina, na sindano huteleza. Chukua sindano yako uende nayo, weka kitako chake kwenye kishimo, uisukume kwa pembe, si wima. Ikikaa, nunua. Ikiruka, rudisha. Kumbuka kwamba kwenye sindano namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba: namba 10 ni nyembamba kuliko namba 7. Vishimo vipana vinavyoishika vizuri namba 7 vinaweza kuiacha namba 10 icheze.

Pitisha kidole kwenye mdomo wake. Ukikwaruza, utakata uzi na ngozi. Msasa laini unaweza kuurekebisha, lakini kama una nyingine ya kuchagua, chagua.

Halafu jambo ambalo wanaodarizi kofia nyeupe wasilisahau: isugue subana kwenye kipande cha kitambaa cheupe. Shaba na alumini huweza kuacha weusi, na weusi huo utauona siku ya kufua kofia, si siku ya kuishona. Ile iliyopakwa nikeli au ya chuma kisichoshika kutu ni salama zaidi kwa kazi nyeupe. Ila nikeli nayo huwawasha baadhi ya watu. Ukiona kidole kinawasha na kutoka vipele pale subana ilipokaa, achana nayo, tumia ngozi au chuma kisichoshika kutu.

Jinsi ya kusukuma

Usianze na kofia wala foronya ya bibi harusi. Anza na kanga. Doti inakuja vipande viwili vimeungana. Ukishaikata, kila kanga ina ncha mbili za kukunga, kila moja yapata sentimita 110. Kitambaa ni laini, mshono ni mwepesi, na hata ukipinda kidogo hakuna atakayekukosoa. Hakuna zoezi bora kuliko hilo.

1. Vaa subana kidole cha kati. Shika sindano kwa gumba na kidole cha shahada, karibu na katikati yake, si kwenye tundu.

2. Kunja kidole cha kati mpaka subana ifike nyuma ya sindano. Kitako cha sindano kiingie kwenye kishimo cha ubavuni, upande ulio karibu na ukucha. Hapa vidole vitaona uzito. Vumilia.

3. Bila uzi kwanza, chomeka ncha kwenye kitambaa. Gumba na shahada kazi yao ni kuelekeza tu. Nguvu yote itoke kwenye kidole cha kati, na kidole chenyewe kibaki kimekunjwa. Ukikinyoosha, nguvu inapotea na sindano inaruka.

4. Sindano ikishapita zaidi ya nusu, achia, ishike kwa mbele, uivute. Rudi mahali pako. Rudia mpaka kidole cha kati kiwe kinarudi chenyewe bila kutazamwa.

5. Sasa tia uzi, na jaribu kupakia mishono mitatu au minne kwenye sindano kabla ya kuvuta. Subana inasukuma polepole bila kukoma, na mkono wa pili unakipandisha na kukishusha kitambaa mbele ya ncha. Ukilipata hili, utaona unapiga bandi, yaani mishono ya kwenda mbele, mstari mzima haraka kuliko mtu anayechoma na kuvuta mshono mmoja mmoja.

Siku za mwanzo kidole cha kati kitajisahau na kuacha kazi kwa kidole cha shahada. Dawa yake ni kutoivua subana, hata unapokata uzi au kunywa chai. Ikae mpaka kidole kiizoee.

Kwenye kofia, na kwenye fremu

Kofia haina fremu. Unaishika mkononi, na tabaka zake zikishadariziwa kwa karibu zinakuwa ngumu kama ganda. Kwenye viua, tundu hufunguliwa kwanza kwa msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea) mwembamba au sindano nene, ndipo uzi unapozungushwa. Usifungue tundu kwa kulazimisha sindano ya kudarizia kwa subana. Sindano itapinda na tundu litakuwa la mraruko. Subana inaingia baadaye, kwenye ile mishono ya kuzunguka, na hapo inasukuma kwa mwendo mfupi sana, karibu kama kugonga. Kwa kazi hii iliyofunikwa juu ina faida, kwa kuwa mara nyingine sindano inaingia wima na unahitaji kichwa cha subana, si ubavu.

Pale kofia inapokuwa ngumu kabisa, hasa kwenye ungio la duara la juu na ukanda wa pembeni, sindano ikisukumwa nusu hukwama. Usiing'oe kwa meno. Kata kipande cha glavu ya mpira au puto lililopasuka, kikubwa kama sarafu, ukiweke kati ya gumba na shahada, uivute sindano nacho. Kinashika ajabu. Ikikataa, rudisha sindano nyuma, ubadilishe namba. Sindano iliyopinda usiinyooshe. Itupe, lakini kwenye kikopo chenye kifuniko, kwa sababu ya watoto.

Anayedarizi kwenye fremu, na kitambaa kimekazwa kama ngoma, anachoma juu na kupokea chini. Subana ya juu haifanyi kazi kubwa sana hapo. Anayeumia ni kidole cha mkono wa chini, kinachoipokea ncha. Wengine hukivalisha subana ya chuma nacho. Mimi siipendi, kwa sababu chuma hugonga ncha na kuifanya butu, na sindano butu huvuta nyuzi za kitambaa. Kipande cha ngozi nyembamba au plasta ya kitambaa kinatosha.

Na damu ikidondoka kwenye kitambaa cheupe, usipeleke maji ya moto, yanaifunga. Itemee mate yako mwenyewe papo hapo, ufute kwa pamba, kisha sabuni na maji baridi. Washonaji wa zamani wote wanalijua hili, na linafanya kazi almuradi doa halijakauka.

Kujitengenezea ya ngozi

Nenda kwa fundi viatu, umwombe mabaki ya ngozi laini yenye unene wa milimita moja hivi. Iwe ngozi ya kweli. Ile ya plastiki hupasuka ndani ya siku chache. Mkoba wa zamani nao unafaa, sehemu ya ndani ambayo haijakauka.

Chora kwenye karatasi umbo kama la ulimi: chini pana, juu mviringo. Urefu uwe kutoka ncha ya kidole mpaka chini kidogo ya pingili ya kwanza, kama sentimita tatu. Upana uwe nusu ya mzingo wa kidole, na milimita tatu za ziada kila upande kwa ajili ya mshono. Kwa kidole cha mzingo wa milimita 50, nusu ni 25, ukiongeza 6 unapata 31. Ongeza milimita tatu na kwenye mviringo wa juu. Kata vipande viwili.

Kabla ya kuviunganisha, rudi kwenye lile doa la wino. Pale lilipokuwa, bandika kipande kingine kidogo cha ngozi kwa gundi ya viatu, upande wake wenye manyoyamanyoya ukiwa nje ili sindano isiteleze, ukishone kuzunguka. Hiki ndicho kitakachoumia, na kikiisha utakibadilisha bila kutupa subana nzima. Kisha weka vipande viwili mgongo kwa mgongo, toboa matundu kwa msharasi, ushone ubavu na juu kwa uzi imara uliopakwa nta. Mshono ubaki nje. Ukiugeuza uwe ndani, utakukwaruza kidole kila ukisukuma. Mwenye kucha ndefu akate kidirisha upande wa ukucha.

Mwisho iloanishe kidogo, uivae kwa robo saa ukikunja na kukunjua kidole, halafu uiache ikauke kivulini. Ukiianika juani itajikunja.

Matunzo

Kidole kikilowa jasho, vua, futa, paka poda kidogo. Subana ya chuma futa kila jioni, kwa sababu hewa ya pwani haina huruma, na kutu ya ndani huioni mpaka iwe imeshachora kidole. Ya shaba ikikuachia rangi ya kijani kwenye ngozi, sabuni inaitoa, haina madhara. Isafishe kwa limau na chumvi, uisuuze vizuri, uikaushe kabla ya kugusa kitambaa cheupe. Ihifadhi mbali na sindano. Zikikaa pamoja kwenye kikopo kimoja, sindano hukwaruza vishimo na subana huzivunja ncha sindano.

Kila baada ya muda iangalie kwenye mwanga. Vishimo vikishalika mpaka sindano ianze kuteleza pale pale unapoisukuma kila siku, izungushe kidogo kidoleni ili utumie upande mwingine ambao bado mzima. Upande huo nao ukiisha, nunua nyingine.